Kwa nini silikanti hubeba mimba miaka mitano?

Mbunge aliyechaguliwa Agosti 2022, muhula wake unakwisha Agosti 2027. Sasa mchukue samaki jike aliyeshika mimba siku ileile watu wamepanga foleni ya kura. Atazaa lini? Atazaa mabango ya kampeni nyingine yamekwisha kubandikwa kutani. Miaka mitano mfululizo, na kliniki hana.

Samaki huyo anaitwa silikanti, na kwetu Malindi si mgeni kabisa. Aprili 2001, meli ya trola iliyokuwa ikikokota nyavu nje ya mji wetu ilimvua mmoja wa urefu wa mita 1.7 na uzito wa kilo 77. Ndiye wa kwanza kurekodiwa Kenya, na Makumbusho ya Malindi yana maonyesho yake. Akiwa hai ana rangi ya buluu yenye mabaka meupe. Akifa hugeuka hudhurungi, hana tena sura ya kujivunia. Mtazame mapezi: mengi kati yake hayakushikana na mwili moja kwa moja, yamekaa juu ya vikonyo vya nyama kama miguu iliyoghairi njiani. Mkiani, katikati, ana kishungi kidogo cha ziada ambacho sijaona kwa samaki yeyote sokoni.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kumsomea hitima zamani. Mabaki yake kwenye mawe yanakoma miaka milioni 66 iliyopita, zama zilipopotea dinosaria, basi wakasema naye amekwenda nao. Ikawa hivyo mpaka tarehe 22 Desemba 1938. Siku hiyo, kule East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa jumba dogo la makumbusho, aliitwa bandarini kuangalia samaki walioletwa na meli. Akaona pezi la buluu limechomoza kwenye rundo. Dereva wa teksi alikataa katakata kumpakia samaki anayenuka, wakajibizana mpaka akalegea. Hivyo ndivyo maiti ya miaka milioni 66 ilivyofika mjini kwa teksi.

Wa pili alichelewa hadi 1952, akapatikana Komoro. Wazungu wakashangilia, Wakomoro wakashangaa wanashangilia nini. Wao walikuwa wakimjua siku zote, wakimwita gombesa, na hawakumthamini sana kwa kuwa nyama yake imejaa mafuta na ukiila tumbo linaendesha. Inasimuliwa kwamba magamba yake, kwa vile yana vimiba, yaliwafaa kukwangulia tyubu ya baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Sayansi inamlilia, fundi baiskeli anamtumia msasa.

Turudi kwenye mimba. Nani alikaa na kalenda akahesabu?

Hakuna aliyekaa. Hesabu imetoka kwenye magamba. Gamba hukua pamoja na samaki: kila mara huongeza ukingo mpya, na ukingo huo huacha alama ya duara. Ukijua duara moja ni muda gani, umri umeupata. Watafiti wa awali walihesabu maduara ya silikanti wakaona yale manene tu, wakatoa jibu kwamba anaishi miaka 20 hivi.

Jibu hilo lilikuwa na harufu. Samaki wa kilo 77 akifika ukubwa huo ndani ya miaka 20, basi ni mkuaji wa kasi, wa kuwekwa safu moja na jodari. Lakini jodari hakai kitako. Anakwenda mbio, anakula, anachoma nguvu. Silikanti mchana kutwa yumo pangoni, kina cha mita 100 na zaidi, usiku anatoka kuelea na mkondo akingoja kitoweo kipite karibu na mdomo. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka na nyambizi ndogo huko Komoro akampiga picha. Wengi walitarajia kumwona akitembea sakafuni kwa yale mapezi yake. Walichokiona ni samaki anayesimama kichwa chini, mkia juu, ametulia tu. Huyo ndiye wa kushindana na jodari?

Juni 2021 Mfaransa Kélig Mahé na wenzake wakaleta jibu jipya. Walichukua magamba ya silikanti 27 waliohifadhiwa, wakayatazama kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa, yaani mwanga ambao mawimbi yake hutetemeka kwa mwelekeo mmoja tu. Mwanga wa kawaida ulikuwa ukiyaficha maduara hafifu, huu uliyafichua. Kwa kila duara nene, wakakuta membamba matano. Yale membamba ndiyo ya mwaka mmoja mmoja. Basi ile miaka 20 ikazidishwa kwa tano: silikanti anaweza kukaribia miaka 100. Mkubwa wao katika wale 27 alikuwa na miaka 84.

Katika mkusanyiko huo mlikuwa na vitoto vilivyokutwa bado tumboni mwa mama. Navyo vina magamba. Wakahesabu: miaka mitano. Tembo, ambaye tulizoea kumpa kombe la mimba ndefu, hutoa miezi 22 tu.

Kwa nini basi taratibu hivyo? Maji ya kina kile ni baridi, na matamvua ya silikanti ni madogo kwa mwili wake, kwa hiyo hewa anayoivuta ni haba. Mwenye hewa haba hana budi kubana matumizi. Mwili wake unaunguza chakula polepole mno, na kitoto kinajengwa kwa mwendo uleule. Tena hakijengwi kidogo. Yai lake lina kipenyo cha sentimita 9 hivi, miongoni mwa mayai makubwa kabisa ya samaki. Haliatamiwi majini, linaanguliwa mumo humo tumboni, na kitoto kinakaa ndani kikila kiini chake mpaka kitoke na urefu wa sentimita 35 hivi, mapezi kamili, tayari kujitafutia.

Niliwasomea habari hii wazee wa baraza mtaani Shela. Mmoja, mvuvi mstaafu, alikuwa na swali moja tu.

"Mwanangu, na huyo mume muda wote huo yuko wapi?"

"Mzee, hilo halikuandikwa. Lakini baba ni mmoja."

Ni kweli, limepimwa. Mwaka 1991 jike mmoja alinaswa Msumbiji akiwa na vitoto 26 tumboni. Vinasaba vyao, na vya vitoto vya jike mwingine, vilichunguzwa na matokeo yakatolewa 2013: kwa kila mama, watoto wote ni wa dume mmoja. Samaki wengi humwaga mayai baharini na madume yakapigania bahati. Huyu ana ndoa moja na haina fitina, ingawa mzee wangu alisema mke akikaa na mimba miaka mitano, hata fitina hazina nafasi.

Kwa wavuvi, sehemu nzito ya hesabu ya Mahé ni nyingine. Silikanti hafikii umri wa kuzaa mpaka awe kati ya miaka 40 na 69. Huko Tanga, tangu 2003, wamekuwa wakinaswa kwenye jarife linalotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa, na 2009 Tanzania ikatenga hifadhi ya bahari iliyopewa jina la silikanti. Jarife halimuulizi samaki umri. Wengi wanaoingia humo wanaweza kuwa na uzito wa mtu mzima na bado hawajawahi kuzaa hata mara moja. Vile vitoto 26 vya Msumbiji, kama vingezaliwa salama mwaka ule wa 1991, leo vingekuwa bado vijana. Wa kwanza wao angebalehe 2031, na wa mwisho pengine 2060.