Buti za suedi na vumbi la Dodoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Suedi siyo ya Dodoma, vumbi litaimaliza." Utaambiwa hivyo na muuza mitumba, na mwenzako kazini, na hata fundi viatu mwenye uzoefu. Mimi naona ni kinyume. Kwa mji wenye kiangazi kinachoanza Mei na kufika Novemba, upepo mkali na ardhi nyekundu, sijaona kiatu cha ngozi kinachofaa kuliko buti fupi ya suedi, ile ngozi yenye vinyweleo laini, ya rangi ya mchanga au kahawia. Kiatu cheusi kilichong'arishwa ukitoka nacho Nkuhungu asubuhi, kinafika mjini kimepauka chote. Suedi inapokea vumbi lilelile bila kuonyesha, na jioni linatoka kwa brashi.

Kinachoiharibu ni vumbi kuachwa humo wiki nzima. Chukua buti iliyovaliwa siku kadhaa, ipinde pale vidole vinapokunjia. Ndani ya mkunjo utaona mstari mwekundu, na kwenye kidole utahisi chenga za mchanga. Kila hatua chenga hizo zinasaga vinyweleo, mpaka mahali hapo panakuwa na upara unaong'aa. Sehemu nyingine ni ule mfereji unaozunguka kiatu, pale ngozi ilipokunjwa kwa nje na kushonewa soli: mchanga ukijaa humo unakula uzi. Mswaki wa zamani, mkavu, unatosha kwa mfereji. Kwingineko tumia brashi ya manyoya, ukipitisha upande mmoja. Pale vinyweleo vilipolala, sugua taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli, kisha rudia brashi. Ni kazi ya dakika chache tu, nayo ndiyo inayoamua kiatu kitadumu au la.

Wengine wanaamini suedi ni kitambaa. Ni ngozi halisi ya mnyama, upande wa ndani uliokuwa umeshikana na nyama, ukasuguliwa hadi ukatoa vinyweleo. Ngozi nene ya ng'ombe hupasuliwa matabaka, na tabaka la chini ndilo hutoa suedi nyingi tunayoiona madukani. Ya mbuzi au kondoo huwa nyembamba na laini zaidi. Nubaki inafanana nayo lakini ni upande wa nje wa ngozi uliosuguliwa kidogo, ndiyo maana vinyweleo vyake ni vifupi mno. Ya bandia ipo tele, na ule mtindo wa kupitisha kidole uone kama rangi inabadilika hauaminiki tena, maana hata bandia nzuri inafanya hivyo. Angalia ukingo uliokatwa, kwenye ulimi wa kiatu au matundu ya kamba. Ngozi ina nyuzinyuzi zilizosokotana ovyo toka juu hadi chini. Bandia mara nyingi inaonyesha kitambaa kilichofumwa kwa nyuma.

"Ikilowa, basi tena." Hapana. Maji peke yake hayaui suedi. Inauliwa na haraka ya kuikausha. Mvua za Desemba hadi Aprili zikikukuta njiani, jaza gazeti ndani ya buti, badilisha likishalowa, weka kivulini penye hewa. Ukianika kwenye jua la saa saba au kando ya jiko la mkaa, ngozi inakakamaa na rangi inafifia upande mmoja. Matone machache yakiacha mabaka, lowesha kidogo uso wote kwa kitambaa chenye unyevu ili ukauke sawasawa, halafu piga brashi. Tope usiliguse likiwa bichi, utalisukuma ndani. Subiri likauke kabisa, linapukutika lenyewe. Dawa ya kupulizia ya kuzuia maji inasaidia, mradi kiatu kiwe safi na kikavu kabla ya kupuliza.

Kiwi ndiyo janga lenyewe. Nta yake inagandisha vinyweleo, na ikishaingia hakuna brashi ya kuirudisha suedi ilivyokuwa. Ukimpa kijana wa kung'arisha viatu, mwambie mapema, kabla hajafungua kopo: "Brashi kavu tu, mdogo wangu, usipake kitu." Atakuelewa. Rangi ikipauka, tafuta dawa ya kupulizia ya suedi, jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Mafuta ya nyama choma yakidondokea, wapo wanaokimbilia petroli au mafuta ya taa. Hayo yanalegeza gundi na kuharibu soli ya mpira. Nyunyizia poda au wanga, acha usiku kucha inyonye, asubuhi piga brashi, rudia kama doa bado lipo. Na sabuni ya unga kwenye beseni, tafadhali, iachie nguo.

Kuna pia imani kwamba hizi ni buti za jeshi, zitastahimili chochote. Umbo hili lilienezwa na Nathan Clark wa kampuni ya Clarks ya Uingereza. Mwaka 1941, akiwa Burma, aliwaona maofisa wa jeshi waliotokea Misri wamevaa buti fupi za suedi zenye soli ya kripu, yaani mpira wa asili, walizoshonewa kwenye masoko ya Cairo. Walizinunua kwa pesa zao, hazikuwa sare. Zikaanza kuuzwa na Clarks mwaka 1950. Ndiyo maana ni nyepesi, mara nyingi hazina bitana, na zinafaa kwa kutembea kwenye joto. Kwenye saiti ya ujenzi kule Mtumba vaa buti zenye chuma mbele.

Usidanganywe ununue inayobana eti itatanuka. Suedi isiyo na bitana inatanuka kwa upana, urefu haubadiliki. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazovaa.

Sasa ile soli ya kripu. Kwenye joto inalainika, inanasa vumbi, na ukingo wake unakuwa mweusi. Huo siyo ubovu. Ila kwenye marumaru yenye maji inateleza, kwa hiyo punguza mwendo. Ikiisha, soli inabadilishwa kwa sababu ngozi imeshonwa kwa nje, na mafundi wazuri wa kazi hiyo wapo hapa mjini. Muombe tu azungushe gazeti au utepe wa karatasi juu ya mshono kabla ya kupaka gundi. Gundi ikigusa suedi haitoki, na fundi asiyeambiwa ataipaka kama anavyopaka kwenye ngozi nyingine yoyote.