Mafunzo ya uvuvi endelevu: yanayosemwa dikoni na yalivyo

Katika madiko mengi ya pwani ya Afrika Mashariki, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinapotia nanga na kushusha samaki, semina ya uhifadhi wa bahari hupokelewa kwa mashaka kabla mkufunzi hajafungua kinywa. Baadhi ya mashaka hayo ni ya haki, kwa kuwa wavuvi wameshaona miradi mingi ikija na posho na kuondoka nayo. Mengine yanatokana na dhana zisizo na msingi, na kwa bahati mbaya si wavuvi peke yao walio nazo.

Dhana mojawapo ni ya wakufunzi wenyewe: kwamba mvuvi huharibu bahari kwa sababu haijui. Ukweli ni kwamba mtu aliyekulia mwambao anajua bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, anajua kusi huleta nini na kaskazi huleta nini, na anaweza kukuonyesha mwamba ambao babu yake alikuwa akitega madema. Anachokosa mara nyingi ni hesabu na mamlaka. Hesabu huanza na daftari na mizani ya kuning'iniza pale dikoni, ambapo chombo kinapoingia huandikwa tarehe, zana iliyotumika, idadi ya watu, saa walizokaa baharini na kilo walizoleta. Safu ya saa na watu ndiyo yenye siri yote: kilo ishirini zilizopatikana na watu wawili kwa saa tatu si sawa na kilo ishirini zilizopatikana na watu sita kwa siku nzima, ingawa sokoni zinalingana kabisa. Kijiji kinachoandika hivyo kwa misimu kadhaa huona kupungua kwa samaki katika mwandiko wake chenyewe, bila kuhitaji kuambiwa na mgeni.

Kuhusu mamlaka, wengi hudhani kwamba kulinda bahari ni kazi ya serikali peke yake na kwamba mwanakijiji anayeshiriki doria anajitia tu. Tanzania Bara, Sheria ya Uvuvi ya 2003 inatambua vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, kifupi cha jina la Kiingereza Beach Management Units. Kenya ilitunga kanuni za BMU mwaka 2007. Na Zanzibar zipo kamati za wavuvi za shehia. Vyombo hivi haviwapi wavuvi ruhusa ya kufanya watakalo, lakini vinawapa nafasi ya kushiriki katika usimamizi na doria na kupendekeza taratibu za eneo lao. Mafunzo yasiyofika hapo, yakaishia kwenye picha za matumbawe, kwa maoni yangu hayajaanza.

Dhana yenye nguvu kuliko zote ni kwamba kufunga mwamba ni kumnyima mvuvi riziki. Hapa inafaa kumtazama pweza. Pweza wa miamba yetu huishi muda mfupi sana, takribani mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na hukua kwa kasi kubwa hasa katika miezi yake ya mwisho. Jike hutaga mara moja tu maishani, hujifungia pangoni akilinda mayai bila kula, kisha hufa. Kwa hiyo anayemchokoa pweza mdogo leo hapotezi kilo tu ambazo zingeongezeka baada ya wiki chache. Huenda pia anaondoa kizazi kizima ambacho hakijatagwa. Ndiyo maana kanuni za Tanzania Bara zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, na ndiyo maana vijiji kadhaa, Kisiwa Panza huko Pemba kikiwamo, vimejaribu kufunga sehemu ya mwamba kwa muda, mara nyingi miezi mitatu, na kuacha sehemu nyingine wazi. Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, walianza utaratibu kama huo mwaka 2004, na wavuvi wa vijiji jirani wakauiga.

Hata hivyo, kuna dhana nyingine inayozaliwa na mafanikio hayo, nayo ni kwamba kufunga kunatosha. Hakutoshi. Siku ya kufungua, kama hakuna makubaliano, watu humiminika mwambani na kuvua kwa siku mbili kile kilichosubiriwa kwa miezi. Pweza hujaa dikoni kwa pamoja na mchuuzi hushusha bei. Wenye miwani ya kuzamia hufika kwanza kwenye maji ya kina, na wanawake wanaochokoa kwa miguu wakati maji yametoka hubaki na sehemu iliyokwisha kupekuliwa. Mambo haya, yaani nani aingie lini, bei ikubaliwe na nani, na nani alinde usiku, ndiyo yanayopaswa kuchukua muda mrefu zaidi wa mafunzo. Aidha, ya pweza si ya changu wala chewa, ambao huchukua miaka kukua. Hao huhitaji eneo lisilovuliwa kabisa, kama Chumbe karibu na Unguja tangu 1994, ambako waliokuwa wavuvi walifunzwa wakawa walinzi, au Kuruwitu huko Kilifi, ambako jamii yenyewe ilitenga eneo lake mwaka 2005.

Wapo wanaosema bahari ni pana na samaki hawaishi. Upana huo ni wa maji marefu, ambayo ngalawa na mtumbwi haviyafikii. Wavuvi wengi wadogo hutegemea ukanda mwembamba wa miamba, majani bahari na mikoko, na samaki wengi wa mwambani hawahami mbali.

Wengine hudhani uvuvi haramu ni baruti tu. Baruti ni balaa kweli: huvunja matumbawe yakawa kifusi kinachoyumba ambacho matumbawe machanga hayawezi kushika, na samaki wengi waliokufa huzama badala ya kuelea, hivyo hata mlipuaji hafaidi wote aliowaua. Lakini kokoro linaloburutwa juu ya majani bahari, mahali ambapo tasi na changu wachanga hukulia, hufanya uharibifu wake kimyakimya kila siku, na chandarua kilichogeuzwa wavu hakichagui mdogo wala mkubwa.

Kuna pia dhana kwamba mvuvi ni mwanamume mwenye chombo. Kwa dhana hiyo semina hupangwa saa nne asubuhi siku ya bamvua, wakati wachokoaji wa pweza na waokota chaza wako mwambani, kisha ripoti husema wanawake hawakujitokeza. Kalenda ya maji ingetazamwa kwanza, wangejitokeza.

La mwisho ni tumaini la wafadhili kwamba mvuvi akipewa kazi mbadala ataacha kuvua. Kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kimewapa wanawake wengi kipato, lakini kaya nyingi zilikiongeza juu ya uvuvi badala ya kuuacha. Mwani wenyewe, hasa aina ya kottonii yenye bei nzuri, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kali, na kaya iliyoahidiwa kwamba mwani utachukua nafasi ya nyavu hurudi kwenye nyavu zilezile, safari hii ikiwa na deni la kamba na vigingi.