Je, wajua kwa nini daktari huuliza rangi ya kinyesi cha mtoto mwenye manjano?

Asubuhi ya Julai kule Uyole au Makete, baridi ikiwa bado inauma, si ajabu kukuta mtoto mchanga ameanikwa juani kibarazani ili manjano yaishe. Kafungwa blanketi mpaka kidevuni. Kinachopata jua hapo ni pua.

Bibi akisema "yatapita tu", mara nyingi hakosei. Watoto 6 kati ya 10 waliozaliwa miezi ikiwa imetimia, na 8 kati ya 10 wa njiti, hupata manjano wiki ya kwanza. Chanzo ni bilirubini, rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Chembe za kichanga ni nyingi na hazidumu kama zetu. Alipokuwa tumboni, bilirubini yake ilipitia kondo la nyuma, ini la mama likaimaliza. Akizaliwa, ini lake changa linabaki na kazi yote. Kwa kawaida rangi huonekana siku ya 2 au ya 3 na kwisha ndani ya wiki 2. Njiti huchukua wiki 3 hivi. Kwa ngozi zetu, tazama weupe wa macho, fizi na nyayo.

Yakitokea kabla ya saa 24 kupita, usingoje. Huenda damu ya mama na ya mtoto hazipatani, au kuna maambukizi. Na sisi wa nyanda za baridi tuna hatari yetu: mablanketi yaliyotunzwa na vile vidonge vyeupe vya kabatini, naftalini. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD anaweza kuvunjikiwa chembe za damu kwa kuvuta mvuke wake tu. Bilirubini ikizidi mno huingia kwenye ubongo, ikaacha uziwi au mtindio wa ubongo.

Hospitalini hutumika taa za bluu. Mwanga, wala si joto, hubadili umbo la bilirubini ili itoke kwa urahisi. Wazo lenyewe lilitoka juani: miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona vichanga waliotolewa nje wakipungua manjano. Ila kumvua mtoto nguo kwenye baridi ya Makete ni kumtafutia ugonjwa mwingine.

Sasa kinyesi. Rangi yake ya njano au ya kahawia huletwa na nyongo inayomwagika utumboni kutoka kwenye ini. Mirija ya nyongo ikiziba, kinyesi hukosa rangi, kikawa cheupe au kijivu kama udongo wa mfinyanzi. Bilirubini hugeukia mkojo: nepi nyeupe ya kitambaa, ambayo kichanga huilowesha bila kuacha rangi, inaanza kubaki na doa la njano iliyokolea. Kinachopoteza watu ni kwamba mtoto huyu huenda ananyonya vizuri na ananenepa.

Mwingine hubaki na manjano baada ya wiki 2 kwa sababu ya maziwa ya mama tu, naye hana tatizo. Kinyesi chake ni cha njano. Kuwatofautisha kunahitaji kipimo cha damu kinachoonyesha bilirubini iliyokwisha kushughulikiwa na ini.

Mirija iliyoziba hushughulikiwa kwa upasuaji ulioanzishwa na Mjapani Morio Kasai miaka ya 1950: utumbo huunganishwa moja kwa moja na ini. Hufanikiwa zaidi kabla ya siku 60. Chanjo za wiki ya 6 huangukia siku ya 42, na kutoka hapo hadi rufaa, vipimo na safari, siku hazitoshi. Taiwan, tangu 2004, wazazi hupewa kadi yenye picha za rangi za kinyesi wafananishe nyumbani.

Huku kwetu simu inatosha. Piga picha ya nepi nje, mchana, kwenye mwanga wa kawaida, bila kuipamba, uende nayo kliniki. Ukiweza, beba na nepi yenyewe. Manesi hawaoni kinyaa.