Ngozi ya kigasha kuziba kidonda cha mkono: maswali na majibu

Risasi imemchana ndugu yetu mgongo wa kiganja, kano ziko nje. Kwa nini asibandikwe ngozi ya paja tu?

Ngozi ya kubandika haiji na mshipa wake. Hutegemea damu ya pale ilipolazwa. Juu ya kano iliyovuliwa utando haipati kitu, inakufa. Hapo panatakiwa kipande hai kutoka kigasha (kati ya kiwiko na kifundo cha mkono): ngozi, mafuta na utando unaofunika misuli, pamoja na ateri (mshipa unaoleta damu) na vena (mishipa inayoirudisha) zake.

Ateri ipi? Na ni lazima tumtoe Goma tumpeleke Kampala?

Mara nyingi ni ateri ya radiali, ile inayopapaswa chini ya kidole gumba kuhesabu mapigo. Inashuka katikati ya misuli miwili, na vijishipa vyake hupita kwenye utando mwembamba hadi kwenye ngozi. Daktari akitenganisha utando huo na ateri, vijishipa vinakatika na kipande kinakufa.

Kwa kidonda cha kiganja, ateri hukatwa upande wa kiwiko, kisha kipande kinageuzwa kuelekea vidoleni. Damu inakifikia kwa kurudi nyuma, kutoka ateri ya ulna, ile ya upande wa kidole cha mwisho, kupitia kiganjani. Hadubini haihitajiki, daktari mzoefu anatosha, kwa hiyo si lazima Kampala. Kipande kikienda mdomoni au tayani, hapo mishipa hushonwa upya chini ya hadubini. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Vidole havitakosa damu?

Hupimwa kabla. Mgonjwa anakunja ngumi kwa nguvu, daktari anabana ateri zote mbili kwenye kifundo cha mkono. Ngumi inafunguliwa, vidole vikiwa vimelegea (akivinyoosha sana, kipimo kinadanganya), kisha ateri ya ulna inaachiwa. Kwenye ngozi nyeusi tazama kiganja na kucha. Rangi ikirudi ndani ya sekunde 5 hadi 7, sawa. Ikipita 10, ateri ya radiali isiguswe. Kuna kipande cha nyuma ya kigasha kinachoacha ateri zote mbili kubwa.

Kigasha chenyewe, pale kipande kilipotolewa?

Hubandikwa ngozi ya paja na kufungwa gipsi siku 5 hadi 7. Utando wa kano ukichubuliwa, ngozi hiyo haishiki. Mgongo wa kidole gumba unaweza kufa ganzi. Kovu ni baya, tusidanganyane.

Anayelala na mgonjwa aangalie nini?

Siku 3 za kwanza, rangi na joto. Kipande kikipauka na kupoa, damu haiingii. Kikiwa cha buluu na kuvimba, damu haitoki. Kwa kipande kilichogeuzwa hili ndilo la kawaida zaidi, kwa sababu vali za vena, vilango vinavyoruhusu damu kwenda upande mmoja tu, huzuia damu kurudi. Mkono uwe juu ya mto, bandeji isibane, sigara hapana. Weka tochi karibu, umeme hukatika. Rangi ikibadilika saa nane za usiku, mwamshe muuguzi saa hiyohiyo: wakati mwingine kulegeza bandeji au kukata nyuzi mbili kunatosha, lakini asubuhi kipande kinaweza kuwa kimeshakufa.