Je, kwa nini mtoto anayekoroma huonekana mtukutu darasani?

Mtoto akikoroma, wengi wetu hucheka na kusema amelala fofofo, ingawa huenda usingizi huo unakatika mara nyingi bila yeye wala mzazi kujua.

Katika umri wa miaka 2 hadi 8 hivi, mafindofindo na nyama za nyuma ya pua huwa kubwa zikilinganishwa na njia nyembamba ya hewa. Mtoto anapolala, misuli ya koo hulegea na njia hiyo huweza kuziba. Oksijeni hushuka, na ubongo humgutusha kidogo tu, kiasi cha kufungua koo, kisha hali hiyo hujirudia. Kwa mtu mzima, pumzi kukatika chini ya mara 5 kwa saa huhesabiwa kuwa kawaida, lakini kwa mtoto hata zaidi ya mara 1 huwatia madaktari shaka.

Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia. Mtoto aghalabu hufanya kinyume: hatulii kitini, husahau alichoagizwa sasa hivi na hukasirika upesi, na hizo ndizo dalili zinazomfanya adhaniwe kuwa na tatizo la umakini. Uhusiano huu si ugunduzi wa jana, kwani mwaka 1889 daktari William Hill wa London aliandika kuhusu watoto wazito wa kujifunza ambao pua zao zilikuwa zimeziba.

Je, kuondoa mafindofindo na nyama hizo kwa upasuaji humaliza tatizo? Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, watoto 22 waliokuwa na tatizo la umakini walifanyiwa upasuaji wa mafindofindo, na mwaka mmoja baadaye 11 kati yao hawakuwa nalo tena. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2013, wenye watoto 464, ulipunguza shangwe: wazazi na walimu waliona tabia imekuwa bora, lakini vipimo rasmi vya umakini havikuonyesha tofauti ya maana kati ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Binafsi siyapuuzi macho ya mwalimu anayeshinda na mtoto, ila ni wazi kwamba wapo watoto wenye tatizo la umakini ambao hulala vizuri kabisa.

Kwa hiyo daktari makini, kabla ya kuandika dawa, huuliza kwanza kama mtoto hukoroma karibu kila usiku, hupumua kwa mdomo, hutokwa na jasho jingi au hukojoa kitandani. Mzazi akimrekodi kwa simu usiku, sauti ile ya pumzi kukatika kisha kurudi kwa kishindo humsaidia daktari kuamua iwapo mtoto apimwe usingizini.