Maana ya kigeu, ingizo na hesabu katika programu ya kwanza

Karibu kila anayeanza kujifunza kuandika programu hupewa zoezi la aina moja: programu imwombe mtumiaji namba, iihifadhi, iifanyie hesabu, kisha ioneshe jibu kwenye skrini. Kwa kuwa hesabu yenyewe huwa ya kiwango cha shule ya msingi, wanafunzi wengi hulipita zoezi hili haraka ili wafike kwenye mambo wanayoyaona kuwa makubwa zaidi. Haraka hiyo ina gharama. Kinachofundishwa hapa hasa ni nidhamu ya kujua, katika kila mstari wa programu, jina fulani limebeba thamani gani, thamani hiyo ni ya aina gani, na inapima kitu gani, kwa sababu kompyuta yenyewe haitajua mambo hayo kwa niaba ya mwandishi.

Kigeu ni jina ambalo mwandishi wa programu huipa thamani iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta ili aweze kuitaja tena baadaye. Akiandika umri = 20 katika lugha ya Python, ameiagiza kompyuta ihifadhi namba 20 na kuiita umri. Hapo ndipo wanaotoka darasa la hisabati hujikwaa. Katika mlinganyo kama x + 3 = 10, x ni namba moja isiyojulikana ambayo tunaitafuta; katika programu, kigeu kilichokwisha kupewa thamani kina thamani inayojulikana wakati wote, nayo inaweza kubadilishwa mara nyingi kadiri programu inavyoendelea.

Alama ya = nayo huchangia mkanganyiko huo. Mwanahisabati Robert Recorde aliitumia katika kitabu alichokichapisha Uingereza mwaka 1557 kuonesha kwamba pande mbili ni sawa, na maana hiyo ndiyo tuliyoizoea tangu utotoni. Katika Python, na katika lugha nyingine nyingi za programu, alama hiyo hiyo ni amri: kokotoa kwanza upande wa kulia, kisha matokeo yake yape jina lililo upande wa kushoto. Ndiyo maana mstari idadi = idadi + 1, ambao katika hisabati hauwezi kuwa kweli kamwe, ni wa kawaida kabisa katika programu; maana yake ni kwamba thamani ya sasa ya idadi iongezwe moja, na jibu liwe thamani mpya ya idadi. Niklaus Wirth, aliyebuni lugha ya Pascal iliyotangazwa mwaka 1970, alitumia alama := kwa kazi hii, na kwa maoni yangu uamuzi huo uliwasaidia sana wanaoanza, kwa kuwa macho yenyewe yaliona kwamba hapa hapasemwi habari za usawa.

Kutokana na hilo, mpangilio wa mistari una uzito mkubwa. Tuseme a ni 10 na b ni 5, kisha tukaandika jumla = a + b. Jumla sasa ni 15. Tukibadilisha a kuwa 50 katika mstari unaofuata, jumla itabaki 15, kwa sababu hesabu ilifanyika mara moja na ikaisha. Aliyezoea majedwali ya hesabu kama ya Excel, ambamo kubadilisha kisanduku kimoja hubadilisha papo hapo visanduku vyote vinavyokitegemea, hutarajia programu ifanye vivyo hivyo, nayo haifanyi mpaka mstari wa kujumlisha utekelezwe tena.

Ingizo ni data ambayo mtumiaji huipa programu ikiwa inaendelea kufanya kazi, na katika mazoezi ya kwanza data hiyo huandikwa kwa kibodi. Katika Python hupokelewa kwa amri ya input. Jambo la msingi, ambalo mafunzo mengi hulitaja kwa sentensi moja tu ilhali linastahili zaidi, ni kwamba chochote anachokiandika mtumiaji hufika kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu. Mtumiaji akiandika 12, programu haipokei namba kumi na mbili, bali herufi mbili: alama ya 1 ikifuatiwa na alama ya 2. Maandishi "12" yakijumlishwa na maandishi "12" hutoa "1212", kwa kuwa kujumlisha maandishi ni kuyaunganisha. Yakizidishwa kwa 3 hutoa "121212". Ili yawe namba ni lazima yageuzwe:

umri = int(input("Andika umri wako: "))

Amri ya int hugeuza maandishi kuwa namba kamili, na float huyageuza kuwa namba yenye desimali. Mtumiaji akiandika 12.5 mahali ambapo int inasubiri, au akaandika neno "kumi", programu husimama na kutoa ujumbe wa kosa. Anayeanza huuona ujumbe huo kama adhabu, lakini kwa kweli unamlinda. Katika JavaScript, lugha nyingine ya programu, "5" + 3 hutoa "53", ilhali "5" - 3 hutoa 2, wala hakuna onyo lolote linaloonekana. Python hukataa hesabu zote mbili na kueleza kwamba aina za data hazilingani. Programu inayosimama ni rahisi kuirekebisha kuliko ile inayoendelea ikiwa na jibu baya.

Katika hesabu, alama za + na - hazina shida, na * ndiyo alama ya kuzidisha. Shida iko kwenye kugawanya. Chukua zoezi linalojulikana sana la kugeuza nyuzi za Selsiasi kuwa Farenhaiti: zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, kisha ongeza 32. Nyuzi 25 zinapaswa kutoa 77. Katika lugha ya C, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili nyingine hutoa namba kamili, na sehemu ya desimali hutupwa. Kwa hiyo 9 / 5 ni 1, na anayeandika 9 / 5 * 25 + 32 hupata 57. Akiandika 25 * 9 / 5 + 32 hupata 77, kwa kuwa kuzidisha kumetangulia na 225 inagawanyika kwa 5 bila baki. Aliyejaribu programu yenye kosa kwa kutumia nyuzi 0 pekee atapata 32, jibu sahihi, na ataondoka akiamini kwamba kazi imekamilika. Hivyo programu ijaribiwe kwa namba kadhaa ambazo jibu lake mwandishi analijua tayari.

Python 3, iliyotolewa mwaka 2008, ilitenganisha mambo hayo: alama / hutoa jibu lenye desimali, // hutoa sehemu nzima, na % hutoa baki. Mbili za mwisho ndizo zinazowezesha zoezi la kugeuza sekunde kuwa saa, dakika na sekunde. Kwa sekunde 7384, 7384 // 3600 ni saa 2, na 7384 % 3600 huacha sekunde 184; 184 // 60 ni dakika 3, na 184 % 60 ni sekunde 4.

Desimali nazo zina tabia yake. Python ikiulizwa 0.1 + 0.2 hujibu 0.30000000000000004. Kompyuta huhifadhi namba hizo kwa kizio cha mbili, yaani kwa tarakimu 0 na 1 pekee, na katika kizio hicho 0.1 haina mwisho, kama vile theluthi moja isivyo na mwisho tunapoiandika kwa desimali. Kwa sababu hiyo ni salama zaidi kuhifadhi fedha kama idadi kamili ya senti.

Lililobaki ni kipimo, maana kigeu hubeba namba bila kubeba kipimo chake. Mwaka 1999 NASA ilikipoteza chombo chake kiitwacho Mars Climate Orbiter, kwa kuwa programu moja ya ardhini ilitoa matokeo ya nguvu kwa vipimo vya Kiingereza vya pauni, ilhali programu iliyoyapokea ilitarajia nyutoni, kipimo cha nguvu katika mfumo wa metriki. Hesabu zilifanyika bila kompyuta kulalamika. Katika zoezi la mwanafunzi kinga ni nyepesi: kigeu kiitwe umbali_km au muda_sekunde badala ya x, na ujumbe unaomwomba mtumiaji namba umwambie aiandike kwa kipimo kipi.