Kuandika ni Jambo Moja, Kuchapisha ni Jingine

Mtu akiniletea mswada, kabla sijafungua ukurasa wa kwanza humwuliza: ni nini kilichokusukuma? Mimi ni mhariri wa vitabu vya Kiswahili hapa Mombasa, na jibu lake hunionyesha kazi iliyo mbele yetu: pa kukata, pa kuongeza, na hata kama mswada wenyewe unamhitaji mchapishaji.

Wengi hunitajia sababu moja, kumbe wanazo mbili. Kuna iliyowafanya waandike na kuna inayowafanya watake kuchapishiwa, na mbili hizo hazifuatani kila mara. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, yaani Mombasa ya kale, alifariki mwaka 1840. Diwani yake ilitoka 1940, karne nzima baadaye, kutokana na tungo zilizohifadhiwa vifuani mwa watu na kukusanywa na Mwalimu Sikujua pamoja na Mwingereza W. E. Taylor. Muyaka alikuwa na wapinzani wa kuwajibu na mji wa kuusemea, mji uliokuwa ukivutana na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar. Waliolengwa walikuwa papo hapo, na jibu lao lilirudi kwa shairi. Kitabu cha nini? Mwana Kupona naye, mzaliwa wa Pate, aliutunga utendi wake akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake. Msomaji wake wa kwanza alikuwa mmoja, tena anamjua kwa jina, na kwangu mimi hiyo ndiyo siri ya uimara wa kazi ile. Mtu anayejua anasema na nani hajui kubabaika.

Sababu ya kuchapisha huja mtu anapoona kwamba alilo nalo linawahusu watu asioweza kuwafikia kwa sauti yake. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa hapa Mombasa, alifungwa 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha kuikosoa serikali alichokiita "Kenya: Twendapi?" Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Alitoka 1972, na mwaka uliofuata tungo zile zikachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki, zikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta 1974. Aliandika wakati ambapo hakuna aliyeweza kumwahidi mchapishaji wala tuzo. Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany yeye alisukumwa na hofu ya kupotea kwa maneno: katika Sambo ya Kiwandeo, iliyotoka 1979, aliueleza kwa utenzi ujenzi wa jahazi, ili msamiati wa mafundi usizikwe pamoja nao.

Hofu hiyo ya kupotea ndiyo ninayokutana nayo zaidi, na nakiri ndiyo ninayoipenda. Mzee mmoja wa Likoni, mstaafu wa bandari, aliniletea madaftari yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino. "Mwanangu," akaniambia, "wajukuu zangu waipita bandari kwa feri kila uchao, waona makontena tu. Hawajui kuwa mizigo ile babu yao aliibeba begani." Ukurasa mmoja unaeleza namna gunia la kahawa linavyopokewa. Wawili wanalinyanyua kwa ncha, wa tatu anaingia chini yake ameinama kidogo, analipokea kwa bega wala si kwa shingo, na hatua ya kwanza anaitoa kabla wale wawili hawajaachia. Sikugusa hata nukta.

Lakini sura zake za mwisho zilikuwa na orodha ya wakubwa wa kazi, vyeo vyao na shukrani kwa kila mmoja. Nilipomwuliza, alisema aliambiwa kitabu cha kuchapishwa hakikosi mambo hayo. Zile za mwanzo aliwaandikia wajukuu, hizi alimwandikia mchapishaji, na tofauti unaisikia ukisoma kwa sauti. Tukaziondoa. Tukabaki na masimulizi aliyoachiwa na babake kuhusu mgomo wa Januari 1947, siku bandari, reli na hoteli za Mombasa zilipokosa wafanyakazi. Hayo hayawahusu wajukuu wake peke yao. Hapo ndipo nilipomwambia: Mzee, sasa hiki tukichapishe.

Pesa je? Nimewahi kuwasikia wenzangu wakimbeza anayeitaja, nami sikubaliani nao. Mwandishi ana ada za shule kama mtu mwingine. Ila ajue soko lilivyo: wachapishaji wetu wengi huishi kwa vitabu vya shule. Riwaya ikiteuliwa kuwa kitabu cha lazima cha fasihi katika sekondari, inaingia mikononi mwa watahiniwa ambao miaka ya karibuni wamezidi 800,000 kwa mwaka. Isipoteuliwa, mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, ni asilimia ndogo ya nakala chache. Kwa hiyo anayeandika kwa ajili ya kipato asome kwanza silabasi, kisha mkataba wake, mstari kwa mstari, kabla ya kutia sahihi.

Kutaka jina nako si dhambi. Tatizo ni kwamba mtu huyo akishaona jina lake kwenye jalada amefika, na mswada wake huwa umechoka kufikia sura ya tatu.

Basi kama unao mswada kabatini, andika kwenye karatasi majina ya watu unaotaka wausome. Wakiwa ni jamaa na majirani, nenda kwa mpiga chapa mjini, toa nakala hamsini zenye jalada zuri, uwagawie. Hiyo ni kazi kamili, haipungukiwi na kitu. Ukiona unataka wausome watu usioweza kuwataja, hapo anza safari ya pili: mhariri, mchapishaji, nambari ya kukitambulisha kitabu, ISBN, kutoka Maktaba ya Taifa. Na usianze kuurekebisha umpendeze mchapishaji kabla hajausoma kama ulivyouandika.